Ngamia wa Chini ya Shali

Mjini Garissa mtu hupewa jina mara mbili. La kwanza hupewa na babake akiwa na siku saba, la pili hupewa na mji, na hilo la pili ndilo linaloshika. Yuko mzee aliyechechemea wiki moja tu mwaka ule wa mafuriko, Tana ilipoingia majumbani, na mpaka leo anaitwa Kiguru, ingawa amekwenda Makka akatufu kwa miguu yake miwili mizima. Basi Kadar, mwana wa Hinda muuza maziwa ya ngamia, aliporudi kutoka Afrika Kusini na kufungua kliniki mtaa wa Iftin, mji ulimtazama kidogo, ukasikia mgongo wa mtu ukilia ko-ko-ko nyuma ya pazia, ukamwita Kadar Lafo. Lafo ni mifupa. Hakuna aliyemuuliza kama amelipenda.

Njia iliyomfikisha kwenye mifupa ilikuwa ya kupinda. Alipomaliza kidato cha nne alitaka udaktari, alama zikakataa. Mjomba wake, ndugu wa Hinda, alikuwa na duka huko Durban, akamwita akamsaidie kubeba magunia ya unga. Mjomba huyo alikuwa ameyabeba miaka na miaka hata akakunjika kama ndoana. Akimwamkia mtu, aliviamkia viatu vyake. Siku moja mteja mmoja, mama wa Kihindi, akamhurumia akampeleka kwa daktari wa mgongo. Kadar alifuatana naye kumshikia koti. Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi. Akamlaza mjomba ubavu, akamkunja goti, akamwegemea kama mtu anayefunga sanduku lililojaa nguo kupita kiasi. Mlio ukasikika. Mjomba akatoa shahada, maana alidhani ameshakufa. Kisha akashuka kitandani, na hapo ndipo Kadar alipojua kwamba mjomba wake ni mrefu kuliko yeye.

"Abti," Kadar akamwambia njiani, na abti ndivyo Msomali anavyomwita mjomba, "kazi hii nitaisoma."

"Isome," mjomba akasema, huku akichungulia juu ya kuta za watu, mambo ambayo hakuwa ameyaona tangu afike nchi ile. "Lakini magunia atabeba nani?"

Magunia aliendelea kuyabeba Kadar, jioni, baada ya masomo, kwa namna aliyofundishwa asubuhi. Miaka ikapita. Akarudi nyumbani na cheti kikubwa, na kitanda cha kukunjwa chenye tundu la kuingizia uso. Pale uwanja wa ndege walimshikilia muda mrefu kwa sababu ya lile tundu.

Garissa haikumpokea kwa ngoma. Lawama ya kwanza ilikuwa kwamba hana sindano. Mtu ametoka mbali, amepanda gari, amekuja na nduguze, kisha arudi nyumbani bila kudungwa! Lawama ya pili ilikuwa maswali. Kadar hakumgusa mtu kabla hajamwuliza analala wapi, anabeba nini, akikaa anakaa vipi. Hata kabla ya kuuliza alikuwa ameshamtazama mlangoni akivua viatu: anaanza mguu gani, anashika nini asianguke, uso unakunjika wakati gani. "Mgongo wako haukuanza leo," alikuwa akiwaambia. "Tuanze ulipoanzia." Wazee walichukia.

"Mimi nimeleta mgongo," mmoja alimfokea, "wewe waniuliza habari za kitanda changu. Unataka kulala huko?"

Lawama ya tatu ndiyo iliyomtesa zaidi. Huku kwetu mgonjwa haji peke yake, huja na ukoo, na ukoo huketi kwenye benchi la nje na kusikiliza. Mgongo ukilia, benchi zima husema subhanallah. Usipolia, huwa kesi. "Wa jirani yetu ulilia mara nne," shemeji wa mgonjwa husema, akifunua pazia. "Wetu kwa nini umenyamaza? Ama wewe unatubagua?" Kadar alieleza mpaka koo likakauka kwamba ule mlio ni hewa tu, si dawa, na kwamba mtu aweza kupona kimya kimya. Waliitikia kwa adabu, kisha wakamwomba arudie.

Wanawake walitibiwa upande wa pili wa pazia, na mikono iliyowagusa ilikuwa ya Nasteho muuguzi. Kadar alibaki upande wake akiuelekeza ukuta. "Chini kidogo, Nasteho. Chini tena. Sasa umepita, hiyo ni figo." Na yuko mfugaji aliyemleta ngamia mwenye shingo ngumu, akamfunga mlangoni. Alipoambiwa kwamba hapa hutibiwa binadamu, alishangaa kwa moyo mweupe. "Lakini huyu ana shingo kuliko hao wote uliowatibu. Utakosa nini?"

Hata hivyo watu walikuja. Walikuja wamekunjika wakatoka wamenyooka, na mtu aliyenyooka hawezi kufichwa, huonekana toka mbali.

Idil alikuja kugomba. Yeye ni mwalimu wa shule moja ya msingi huko Waberi. Kadar alikuwa amewaambia wazazi kwamba mikoba ya watoto ni mizito mno, na wiki ileile nusu ya darasa lake ikaja mikono mitupu, ikisema Kadar Lafo amekataza vitabu.

"Ni wewe uliyewapa ruhusa?" alimuuliza akiwa amesimama mlangoni, hata viatu hakuvua.

"Nilisema wapunguze, mwalimu. Sikusema waviache."

"Mtoto husikia nusu. Hukusomea hilo huko ulikokwenda?"

Kadar hakuwa amelisomea. Alimtazama alivyosimama, sawasawa, uzito umegawika miguu yote miwili, hana mahali anapoegemea, akajua kwamba huyu hatakuwa mgonjwa wake kamwe. Basi akatuma wazee wakamwombe awe mke.

Wazee walikwenda kwa babake, Noordin, nyumbani kwake Galbet, wakakaribishwa chai, wakala nyama, wakaambiwa, "Tumesikia. Habari ya yarad tutaizungumza." Yarad ni ile mali inayokwenda kwa watu wa msichana, na kwa Noordin si jambo la kulitupia neno moja. Alikuwa dalali wa ngamia, na si dalali hivihivi.

Pale soko la mifugo bei haipigiwi kelele. Watu wawili hupeana mkono, shali ikatupwa juu ya mikono yao, na vidole vikazungumza huko chini. Kidole kimoja kikibanwa kina maana yake, viwili vina yao, kiganja kizima kina yake. Wanaotazama huona nguo ikitikisika tu, na hao wawili hutazama kando kama watu wanaongoja mvua. Kinachosemwa chini ya shali hakitoki chini ya shali, na kilichokubaliwa huko hakirudi nyuma. Mkono wa Noordin uliaminiwa toka Garissa mpaka Mandera. Walikuwapo watu waliomuuzia na kumnunulia miaka yote na hawakumbuki uso wake, wanaukumbuka mkono.

Siku chache baada ya wale wazee kula nyama, Noordin mwenyewe akatokea kliniki. Alikuja na rafiki yake Abdisalam, dalali mwenzake, mtu mwenye sauti. Kadar aliona vile alivyovua ndara: kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa ndani ya shali.

"Karibu, adeer," Kadar akasema, kama kijana anavyomwita mzee wa rika la babake.

"Ni shingo tu. Imekaza. Igonge mara moja tuende, tumeacha ngamia juani."

"Kwanza, adeer, nitauliza..."

"Nimeambiwa unauliza. Nalala chini. Mto wangu ni wa mti, ulikuwa wa babu yangu, naye aliishi mpaka akachoka mwenyewe. Haya, gonga."

Kadar hakugonga. Shingo si mlango. Aliketi mbele ya mzee akamwomba mkono wa kulia. Noordin akamtupia jicho Abdisalam aliyeketi pembeni na tasbihi yake. Kisha akautoa mkono, na kwa mazoea ya umri mzima, kwa kuwa hakuwahi kumpa mtu mkono ule ukiwa uchi, akaitupa shali juu ya mikono yote miwili.

Kadar akaiacha. Mgonjwa akitaka kufunikwa hufunikwa. "Nitakubana kidole kimoja kimoja. Ukisikia, sema."

"Nasikia," Noordin akasema kwenye dole gumba. "Nasikia," kwenye cha shahada. Kwenye cha kati, "nasikia." Kwenye cha pete alikawia kidogo. "Nasikia."

Hapo Kadar akauachia mkono kabisa. Vidole vyake vilikuwa hewani. "Na hiki cha mwisho?"

"Nasikia, kijana! Kwani nimekuambia nimekufa?"

Mdomo wa mgonjwa una haya, mwili hauna. Akamshika tena. "Sasa nibane wewe, adeer. Hapa. Zaidi. Bado, ongeza. Usinihurumie, mimi nina nguvu. Zaidi!"

Shali ikatikisika. Na kule pembeni tasbihi ya Abdisalam ilikuwa imesimama. Alijua kwamba kijana huyu amemposa binti wa mzee huyu na yarad haijakatwa. Sasa anawaona, wameketi goti kwa goti, shali juu, nguo inaruka, na kijana anamwambia baba mtu zaidi, zaidi. Ujana wake wote na utu uzima wake aliutumia kutazama shali zikiruka, na kusoma alijifunza humo. Akahesabu kadiri alivyojaliwa. Kisha akainuka, akasema "Allahu akbar," akatoka akikimbia, mguu mmoja na ndara yake, mwingine na ya Kadar.

"Ana nini huyu?" Noordin akauliza.

"Sijui, adeer. Lakini vidole viwili vya mwisho havipo. Nilipokuuliza kile cha mwisho sikuwa nimekigusa."

Mzee aliitazama shali yake. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Vilianza kama ganzi, akasema, kama mguu uliolaliwa. Sasa sokoni wanambana naye anabahatisha. Mwezi uliopita alimuuza fahali mzima kwa bei ya ndama, mwenye ngamia akalia mbele yake, naye akasingizia jua. "Dalali asiyesikia vidole ni mwadhini bubu. Wakijua, hakuna atakayeniletea hata mbuzi mwenye kikohozi. Na nitakaa nyumbani nifanye nini, nimhesabie mke wangu kuku? Mtu asijue, Kadar. Mke wangu asijue, binti yangu asijue, na huyo Abdisalam ndiyo kabisa, maana yeye akijua jambo, limejulikana."

"Kinachoingia humu hakitoki."

"Kama chini ya shali?"

"Kama chini ya shali, adeer."

Kisha akamweleza: kuna mshipa wa fahamu umebanwa shingoni. Aende kwanza hospitali apigwe eksirei. Ikionekana hakuna ubaya mkubwa, atakuja avutwe shingo polepole, bila kugongwa, na itachukua muda. Na ule mto wa mti auache.

"Mto wa babu?"

"Mto wa babu."

"Afadhali ungesema nimwache mke," Noordin akasema, akaondoka.

Kabla ya alasiri mji wote ulikuwa umepata habari. Hinda aliipata kwenye mitungi yake ya maziwa, akaiacha mitungi, akaja mbio mpaka ndani ya kliniki, ambamo mwenye duka la nguo alikuwa amelala uso ndani ya tundu.

"Hooyo!" akalia, kwa maana mama wa Kisomali humwita mwanawe kwa neno lilelile analoitwa yeye. "Ngamia mia! Umerogwa?"

"Ngamia gani?"

"Uliomwahidi Noordin! Abdisalam anasema mzee alianzia chini kama mtu mwenye huruma, wewe ukamwambia zaidi. Akapanda, ukamwambia zaidi. Akataka kusimama, ukamwambia usinihurumie! Wapi umeona bwana harusi anajipandishia yarad mwenyewe? Sisi tuna ngamia watatu tu, wako Modogashe kwa abti yako mwingine, na mmoja hana maziwa wala haya."

"Mia ni wengi," mwenye duka la nguo akasema kutoka tunduni.

Kadar akafungua mdomo, akaufunga. Akisema hakukuwa na bei, ataulizwa mikono ilikuwa ikifanya nini chini ya shali. Akisema alikuwa akipima vidole, ataulizwa vina nini. Na kule sokoni Noordin naye alikuwa amezungukwa na watu wanaompa hongera, akafungua mdomo, akaufunga. Wote wawili walifungwa kamba moja. Ila yapo pia haya: hakuna binti wa Galbet aliyewahi kutajiwa mia, na mzee aliporudi nyumbani jioni ile alitembea kifua mbele kuliko ilivyompasa mgonjwa wa shingo.

Idil hakuona fahari yoyote. Alipiga simu.

"Umeahidi ngamia mia?"

"Sikuahidi."

"Basi Abdisalam ni muongo."

"Sikusema hivyo."

"Kwa hiyo umeahidi."

"Idil, liko jambo siwezi kulisema."

"Mimi nimeingia darasani leo nimekuta ubao umejaa ngamia. Wamechora mpaka ukutani. Mmoja ananiambia, mwalimu, wengine hawakutosha. Kama umebadili nia, sema kama mwanamume, usijifiche nyuma ya mifugo."

"Sijabadili."

"Wazee wanakaa Ijumaa kwetu. Ukiwaletea kimya kama hiki unachoniletea mimi, watakufukuza, na wakikufukuza mimi nakwenda Wajir kwa eeddo Sahara. Shangazi yangu hana maumivu ya mgongo na hatakuhitaji."

Simu ikakatwa. Neno moja lingemwokoa: ganzi. Alirudi ndani kumwinua mwenye duka la nguo, ambaye alikuwa amesinzia.

Wiki ile Noordin alikuja mara mbili kwa mlango wa nyuma. Eksirei ilikuwa imekubali. Alilala chali, Kadar akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakivuta taratibu kuelekea kwake, kama mtu anayevuta ndoo asiyotaka imwagike. Mzee akiwa amefumba macho alisema, "Ukiniumbua Ijumaa, una haki."

"Lala, adeer. Usikaze."

"Nakuambia una haki."

"Na mimi nakuambia usikaze."

Ijumaa baada ya sala wakakaa uani kwa Noordin, mikeka imetandikwa, birika za chai zinazunguka. Kiongozi wa kikao alikuwa Mzee Isak, aliyekuwa mkubwa kuliko wote na asiyesikia vizuri sikio moja, naye alijua kulichagua. Abdisalam akatoa ushahidi. Akavua shali yake, akaionyesha namna ilivyoruka, akaruka nayo kidogo. Wazee wa upande wa Kadar wakasema mia ni neno tu, huenda ilikuwa mia ya ndama, na ndama watatu hukaa mahali pa ngamia mmoja. Mwingine akatoa wazo kwamba deni lilipwe kwa migongo: Kadar aitibu migongo ya ukoo wa Noordin mpaka mia itimie. Wazo hilo likapendwa. Likavunjika pale walipouliza mgongo wa mzee na mgongo wa kijana upi ni ngamia jike, na wengine wakakasirika.

"Abdisalam," Mzee Isak akasema hatimaye. "Wewe uliona shali au uliona vidole?"

"Niliona shali. Lakini mdomo niliusikia kwa masikio yangu yote mawili!"

"Mdomo hauuzi ngamia. Hawa wapeane mkono tena, hapa, tukiona. Bei ya hapa ndiyo bei."

Watu wakasema hayo ni maneno mazuri. Rangi ya uso wa Noordin ikapotea. Akasogea mkekani, akautoa mkono, shali ikatupwa. Kadar akaupokea ule mkono. Aliujua sasa kuliko alivyoujua wake: mahali unapopata joto, mahali unapokoma. Akabana kile alichonacho, bila kuongeza wala kupunguza, wale watatu wa Modogashe pamoja na yule asiye na haya.

Desturi ni kutazama kando. Noordin hakutazama kando, maana hakujua kama vile viwili vya mwisho navyo vimebanwa. Alimkazia Kadar macho, na Kadar akauona ule woga anaouona kila siku, woga wa mtu aliyelazwa ubavu asiyejua kama atainuka. Angeweza kumkonyeza. Angeweza kukohoa mara tatu. Hakufanya kitu, aliendelea kuushika mkono bila kutikisika, kama anavyoshika kichwa cha mgonjwa mpaka mwenyewe auachie uzito.

"Noordin," Mzee Isak akasema. "Amekubana ngapi?"

Nyuma ya pazia la dirisha bangili ya mtu ikagonga chuma.

"Amenibana," Noordin akasema polepole, "kwa adabu."

Wazee wakatazamana.

"Kwa adabu ngapi?" mmoja akauliza.

"Adabu ni adabu. Mimi nimeridhika."

"Lakini ni ngamia wangapi, bwana! Ishirini ni adabu. Hata hamsini ni adabu."

Hapo Noordin akasimama, shali begani. "Tangu lini bei ya chini ya shali ikatangazwa? Mzee Isak, yule fahali mwekundu nilikununulia mimi kwa mkono huu. Kuna mtu nilimwambia bei yake? Nimwambie leo?"

Mzee Isak akaisogeza mikono yake kutoka kwenye kikombe. Mke wake alikuwa jikoni pale pale, akisaidia kupakua, na bei ya fahali mwekundu alikuwa ameambiwa nusu. "La," akasema haraka, maana hilo alilisikia kwa sikio lake zima. "Hukusema. Na ni vizuri. Desturi ni desturi. Ameridhika, ameridhika. Someni Fatiha."

Wakasoma. Abdisalam alisoma akilia kwa furaha, kwa kuwa aliona ushahidi wake umethibitishwa.

Idil hakwenda Wajir. Yeye alikuwa pale dirishani, na nyumbani ni yeye aliyekuwa akifuta chai iliyomwagika kutoka mkono wa kulia wa babake tangu mwaka uliotangulia. Hakuuliza kitu. Siku ya harusi alimwambia Kadar tu kwamba kimya chake ni cha kuudhi lakini kina matumizi.

Ngamia watatu walifika Galbet, yule asiye na haya akampiga teke jirani. Watu wakatazama wale watatu wakasema, hawa ni wa kutangulia. Wengine wako njiani. Baada ya mwezi, dereva wa lori akasema amepishana nao karibu na Modogashe, kundi kubwa, wamenona. Mwingine akawaona upande wa Wajir. Kiangazi kilipokaza, mtu wa Waberi akaenda kwa chifu kushitaki kwamba ngamia wa Noordin wamemaliza maji ya bwawa lake. Chifu akamwita Noordin, na Noordin akaomba msamaha kwa niaba yao. Angefanya nini? Idil alimuuliza mumewe, "Hawa ngamia wangu wako wapi?" akaambiwa amuulize babake. Akamuuliza babake, akaambiwa amuulize mumewe.

Matibabu yaliendelea. Noordin sasa alipita mlango wa mbele, kila wiki, kila mtu akijua anakwenda kuzungumza na mkwewe habari za mifugo. Kuhusu mto walipatana: wa babu ulale karibu naye, kichwa kilale kwenye pamba. Kidole cha pete kilianza kurudi kwanza, kwa kuwasha. Cha mwisho kilibaki kigumu. Kadar hakumdanganya. "Huenda kikarudi, adeer, huenda kisirudi. Mshipa una mwendo wake." Sokoni mzee alikuwa akisema ana mafua, na kuwapa wengine kazi.

Mpaka akaja Ridwan, mfanyabiashara wa Wajir, akitaka kununua kumi katika lile kundi maarufu. Noordin alikusudia kumwambia hawauzwi. Lakini Ridwan ni mtu wa haraka. Aliukamata mkono wa mzee katikati ya salamu, akatupa shali yake juu, akabana.

Noordin akaganda. Huko mwisho kabisa wa mkono, kwenye kidole alichokwisha kukizika, kulikuwa na kitu. Kidogo, kama sisimizi anayepita. Hakuthubutu kupumua.

"Rudia," akasema.

Ridwan akadhani bei imekataliwa, akaongeza. Sisimizi akapita tena. Mzee akatikisa kichwa, Ridwan akaongeza. Na hapo, katikati ya soko, mbele ya watu na mifugo, Noordin akaanza kutokwa na machozi, yakashuka ndevuni, naye mkono hakuutoa.

Ridwan alirudi kwao bila ngamia hata mmoja. Huko Wajir aliwaambia watu kwamba ngamia wa Noordin wa Garissa hawapatikani kwa bei yoyote: ukimgusia tu habari ya kuwauza, mwenyewe hulia.